Diski Iliyokataa Kucheza: Kutayarisha Video za Kanisa kwa DVD

(Somo kwa wanakwaya na vijana wa idara ya midia, siku ya pili ya semina ya maadhimisho, Base Camp, Nakivale. Limeandikwa kutoka kwenye rekodi ya sauti, na tumeliacha karibu lilivyosemwa.)

 

 

Niliombwa nizungumze juu ya kazi ya kamera. Lakini kamera mnaijua. Unabonyeza kitufe chekundu, inaandika, basi. Shida yetu haiko pale. Shida yetu inaanza ibada ikiisha, watu wameenda nyumbani, na wewe umebaki na memori kadi mfukoni. Sasa hiyo ibada itamfikia vipi mama ambaye hana simu ya kisasa, ana deki tu na televisheni ndogo ya sola? Leo naongea juu ya hapo.

Nianze na kosa langu, ili msifikiri nawafundisha kutoka juu.

Mnamkumbuka mzee wetu aliyelala katika Bwana. Sitamtaja jina kwa sababu mama yuko hapa mbele na sitaki kumliza mbele ya wageni. Mahubiri yake ya mwisho yalirekodiwa na vyombo vitatu. Mimi nilikuwa na kamera ya kanisa. Kijana mmoja wa kwaya alikuwa na simu kubwa. Na shemasi mmoja alikuwa na ile simu ya zamani ya vitufe, aliishika juu kichwani kama taa muda wote. Baada ya mazishi familia ikaomba diski 40: za hapa, za Uvira, na za watoto wawili walioko Marekani.

Nikachukua kadi nikaenda Mbarara. Nikamkuta mtu mmoja mwenye duka la kuchoma diski, nikamwachia kadi asubuhi, jioni nikachukua diski 40 zimepangwa kwenye boksi. Aliiweka moja kwenye kompyuta yake, mzee akaonekana, akasikika. Nikafurahi, nikalipa, nikarudi. Na kwa sababu Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi, nikafuta kadi.

Mmesikia? Nikafuta kadi.

Jumapili mama akaweka diski kwenye deki kule Rubondo. Deki ikazunguka, ikasoma, ikasoma, ikaandika haiwezi. Akajaribu tena. Akafikiri deki ndiyo imekufa, akampa fundi pesa afungue. Fundi akasafisha jicho la deki, pesa ikaenda, diski ikakataa vilevile. Nilisikia habari hiyo baada ya wiki tatu. Hakuniambia kwa sababu aliona aibu, alidhani yeye ndiye hajui kutumia. Hilo liliniuma kuliko pesa ya diski 40.

Kumbe kulikuwa na nini? Yule mtu wa duka hakutengeneza DVD ya deki. Alichukua faili za video akazinakili juu ya diski, kama vile unaweka nguo kwenye sanduku. Kompyuta inafungua. Deki haifungui.

Hapo ndipo somo lenyewe linaanza. Fungueni madaftari.

Deki ni mashine ya zamani. DVD ilitoka mara ya kwanza Japani mwaka 1996, na waliotengeneza kanuni zake waliandika kabisa: video iwe ya aina ya MPEG-2, sauti iwe ya namna fulani, na vyote vikae ndani ya folda inayoitwa VIDEO_TS, katika faili zinazoishia na VOB, kila moja isizidi GB 1. Sasa simu zenu zinaandika video ya aina ya H.264, na hiyo ilikamilishwa mwaka 2003. Deki ya kawaida haikufundishwa lugha hiyo. Usiikasirikie. Ni kama kumletea bibi yangu wa Fizi barua ya Kichina halafu unashangaa hajibu.

Na kitu kingine kinachowachanganya vijana ni majina. Unaona faili imeandikwa MP4, nyingine AVI, nyingine MOV, nyingine MKV. Hayo ni majina ya gunia, siyo ya kilicho ndani. Mnajua wenyewe siku ya kupokea posho: gunia limeandikwa mahindi, unafungua, ndani kuna maharage. AVI mbili zinaweza kuwa na vitu tofauti kabisa. Ndiyo maana deki moja yenye mlango wa flashi inacheza AVI ya ndugu yako na kukataa ya kwako.

Kuna kijana, yuko hapa ndani na anacheka, alibadilisha jina tu. Alichukua 3GP, akafuta hizo herufi za mwisho, akaandika MPG, akasema amegeuza. Ndugu yangu, ukipaka rangi jerikani ya mafuta haigeuki kuwa ya maji. Kugeuza fomati ni kazi ya kompyuta kufungua picha moja moja na kuziandika upya. Inachukua masaa. Kama imechukua sekunde mbili, ujue hakuna kilichogeuka.

Sasa tuchukue vile vyombo vitatu vya siku ile, kwa sababu ndivyo vinavyotujia kila Jumapili.

Simu ya vitufe ya shemasi iliandika 3GP. Simu nyingi za namna ile picha yake ni ndogo sana, pikseli 176 kwa 144. DVD yetu ya huku, ya mfumo wa PAL, ina 720 kwa 576. Pigeni hesabu: picha ya DVD ni kubwa mara 16 hivi. Ukiivuta ile ndogo mpaka ijaze televisheni, mzee anakuwa matofali. Hakuna programu itakayoleta sura ambayo simu haikuiona, hata ukiona tangazo linalosema hivyo. Nafanya hivi: kanuni za DVD zinaruhusu pia ukubwa mdogo wa 352 kwa 288. Natumia huo. Picha haitapendeza zaidi, lakini sitapoteza nafasi ya diski kwa ajili ya matofali. Na msitupe 3GP! Simu ile ya shemasi ilikuwa karibu na mzee kuliko kamera yangu. Sauti yake ni ya mkebe, lakini maneno yanasikika.

Simu kubwa iliandika MP4. Picha nzuri kabisa, mpaka utazame mdomo. Dakika ya kwanza mdomo na sauti viko pamoja. Dakika ya 40 mzee anafunga mdomo na neno bado linakuja. Mnaijua hiyo? Wengi wanasema diski mbaya. Siyo diski. Simu nyingi hazipigi picha kwa mwendo mmoja. Ndani ya hema mwanga ukipungua, simu inapunguza idadi ya picha kwa sekunde, mwanga ukirudi inaongeza. DVD haikubali mambo hayo, inataka picha 25 kila sekunde, bila kupungua wala kuzidi. Programu ya kugeuza ikikosea kuhesabu, sauti inaachwa njiani kidogokidogo. Dawa ni kupitisha faili kwanza kwenye HandBrake, ni ya bure, unachagua mwendo wa picha usiobadilika, unapata MP4 mpya iliyonyooka. Halafu hiyo ndiyo unayoipeleka kwenye DVD. HandBrake yenyewe haitengenezi DVD, msije mkaitafuta hiyo nafasi usiku kucha kama mimi.

Na kama video imepita kwenye WhatsApp, imeshabanwa, imeshapoteza. Mwambie aliyerekodi aitume kama dokumenti, au bora zaidi alete simu mwenyewe na waya.

Kamera ya kanisa inaandika MTS. Hapa angalieni sana. Ibada ya masaa matatu haikai kwenye faili moja, kamera inaikata vipande vipande. Mtu akinakili vipande viwili vya katikati kwa sababu ndivyo vikubwa, amepoteza maombi ya mwanzo na wito wa mwisho. Nakilini folda yote ya kadi, na yale mafolda madogo ambayo hamjui kazi yake, yote. Tena picha ya kamera ni pana, 16 kwa 9. Mkiiandika kwenye diski kama 4 kwa 3, wanakwaya wote wanakuwa wembamba kama mihogo. Mama mmoja wa kwaya aliniuliza kama amekonda, nikasema hapana mama, ni kosa la idara.

Programu ya kutengeneza DVD yenyewe: mimi natumia DVDStyler, wengine DVD Flick. Zote za bure. Unaweka video, unachagua PAL, unachagua 16 kwa 9, sauti ya kilohezi 48. Wale mnaoweza kuandika amri kwenye kompyuta, FFmpeg inafanya kazi hiyo ya kugeuza kwa mstari mmoja tu, unaandika -target pal-dvd nayo inajua ukubwa, mwendo na sauti vyote. Lakini kumbukeni FFmpeg inatoa faili tu. Folda ya VIDEO_TS lazima itengenezwe na programu ya DVD.

Swali ambalo ninaulizwa kila siku: diski moja inabeba masaa mangapi? Diski ya kawaida imeandikwa GB 4.7, kompyuta itakuonyesha 4.3 na kitu, usiogope, ni namna mbili za kuhesabu. Kanuni yangu ni hii: chukua 600, gawa kwa dakika za video yako. Jibu ni megabiti kwa sekunde ambazo diski inaweza kukupa, picha na sauti pamoja. Ibada ya dakika 120 inapata 5, nzuri kabisa. Dakika 90 inapata 6 na zaidi, safi. Dakika 180 inapata 3 na kidogo, hapo mkono ukipunga unaacha ukungu, na kwaya ikicheza inakuwa uji. Dakika 60 hesabu inakupa 10, lakini usiweke 10, deki nyingi zinashtuka. Weka 8 utosheke. Ibada zetu nyinyi mnazijua, hatumalizi kwa masaa mawili. Basi fanyeni diski mbili. Ya kwanza sifa na kwaya, ya pili neno. Afadhali diski mbili zinazoonekana kuliko moja ya uji.

Juu ya umeme. Hapa kambini kompyuta ikigeuza saa moja ya video, kama ni ya zamani inaweza kuchukua masaa matatu au manne, na betri haingoji. Mimi naligawa. Kugeuza nafanya mchana jua likiwa kali, au palipo na jenereta. Kuchoma sifanyi kwenye sola. Umeme ukikatika wakati wa kugeuza, unaanza tena, umepoteza muda tu. Umeme ukikatika wakati wa kuchoma, diski imekufa. Kwa hiyo mwambie DVDStyler isichome, itengeneze faili moja ya ISO, uiweke kwenye flashi kubwa, uende nayo Mbarara palipo na umeme wa uhakika. Angalizo: flashi nyingi zinakuja na mpangilio wa FAT32, na huo hauchukui faili inayozidi GB 4. ISO ya diski iliyojaa itakataliwa. Ipangeni upya kwa exFAT kabla hamjaondoka, siyo mkiwa mmeshashuka kwenye teksi.

Ukifika huko mjini, usimwambie mwenye duka "nichomee video". Mwambie "choma hii ISO kama ilivyo, kwa mwendo wa 4 au 8". Watapenda kuweka 16 kwa sababu kuna foleni. Simama hapo. Kwa mwendo wa 8 diski moja ni kama dakika kumi, kwa mwendo wa 4 ni kama robo saa. Diski za bei rahisi zilizochomwa kwa haraka zinacheza leo, na baada ya mwezi zinagoma dakika ya hamsini. Na msikubali kubandika karatasi ya gundi juu ya diski. Inaifanya izunguke vibaya, na joto likiingia karatasi inavimba ndani ya deki. Andikeni kwa kalamu ya wino laini.

Diski za Marekani na Kanada zina habari yake. Sisi tuko PAL, wao wako NTSC: picha 29.97 kwa sekunde, ukubwa 720 kwa 480. Deki zinazouzwa huku nyingi zinacheza zote mbili. Deki za kule nyingi zinakataa ya kwetu. Ndugu zetu waliopata makazi mapya kule walipokea diski zetu miaka mingi, wakatushukuru kwa adabu, na hawakuziona. Mmoja aliniambia ukweli baada ya kumuuliza mara ya tatu. Kwa hiyo mnatengeneza ISO mbili, moja PAL, moja NTSC, mnaandika juu ya diski nchi inakoenda. Wa Australia na Ulaya wapeni PAL. Zile kanda za nchi zinazofunga filamu za madukani, sisi hazituhusu. Diski uliyotengeneza mwenyewe bila kufuli inacheza popote, kama mfumo ni sawa.

Kuna ndugu atasema, kwa nini DVD leo, si tuweke kwenye flashi tu? Flashi ni nzuri, nazitumia. Lakini flashi inazunguka. Leo ina mahubiri, kesho mtoto wa jirani ameikopa, keshokutwa ina filamu za vita. Diski ikishafungwa, haifutiki. Mama akiiweka kabatini, inakaa.

Na kwa sababu haifutiki, niseme neno moja zito. Ushuhuda. Watu wetu wanasimama hapa mbele wanashuhudia walivyotoka: wanataja kijiji, wanataja waliowafukuza, wanataja majina. Ndani ya hema tunasema amina. Lakini diski inapanda basi, inavuka mpaka, inafika kwenye kijiji kilekile. Nakivale imepokea watu tangu 1958, na wengi wetu hatukuja kutembea. Kabla ya kuweka ushuhuda wa mtu kwenye diski, mkalishe, mwonyeshe kipande chake, muulize. Akisema hapana, kata. Akisema weka sauti ondoa sura, fanya hivyo. Usimuulize siku ileile ametoka kulia mbele ya watu, muulize baada ya siku mbili.

Nirudi kwa zile diski 40, naona mama ananitazama.

Nilipogundua kosa, kadi ilikuwa imeshaandikwa harusi juu yake. Mahubiri ya mzee ya kamera hayakuwepo tena mahali popote duniani, ila kwenye zile diski zilizokataa kucheza. Nikapanda boda nikazunguka kuzikusanya. Nyingine zilikuwa zimekwaruzwa. Nyingine watoto walikuwa wanazungusha kwenye msumari. Mbili nilizikuta kule Juru zimetundikwa kwa kamba katikati ya shamba la mtama, zinang'aa na kufukuza ndege. Yule papa akaniambia, "Mtumishi, kwa kazi hii ni nzuri sana."

Diski ya mama ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote. Alikuwa ameifunga kwenye kitambaa, pamoja na karatasi zake za UNHCR. Kutoka kwenye hiyo nilitoa faili, zikatoka zote ila dakika kama sita za mwanzo. Zile dakika sita nilizikuta kwenye simu ya shemasi. Kwa hiyo diski mpya inaanza na picha ndogo ya matofali, na sauti ya mkebe, mzee anasoma neno, halafu ghafla picha inakuwa kubwa. Msishangae mkiiona. Niliacha hivyo kwa makusudi.

Siku hizi nina desturi mbili. Kadi haifutwi mpaka diski imechezwa kwenye deki halisi, siyo kompyuta, kuanzia mwanzo, katikati na mwisho. Tena video inakaa sehemu mbili, kwenye kompyuta na kwenye diski ngumu iliyoko nyumba nyingine, kwa sababu mahema yanaungua na wezi wapo.

Naona Papa Mchungaji anatazama saa, na chakula nimeambiwa kiko tayari. Walio na simu za zamani zenye picha za mazishi, harusi au ubatizo, mnikute mchana kwenye meza iliyo karibu na jenereta. Njooni na waya wa simu hiyo, kwa sababu waya za zamani sina. Na mama, diski yako mpya iko hapa kwenye bahasha. Nimeijaribu kwenye deki tatu. Ya nne ni yako, jioni nitakuja nayo Rubondo tuiweke pamoja.